Shotigani ya Mtutu Mmoja Ikigoma: Anza na Alama Iliyo Kwenye Fataki

Kifyatulio kimevutwa, nyundo imegonga, risasi haikulia. Wengi hapo hufanya mojawapo ya mambo mawili: hulaumu risasi na kutia nyingine, au hukimbilia bisibisi. Yote mawili ni mapema mno. Risasi iliyogoma imebeba ushahidi kwenye kitako chake, na ukiusoma vizuri utajua kama uende kwenye sanduku la risasi, kwenye pini, kwenye springi au kwenye bawaba ya mtutu.

Bunduki tunayoisema ni ile inayokunjwa katikati. Ziko za nyundo ya nje ambayo unaikoki, yaani unaivuta nyuma mpaka ishike, kwa kidole gumba, mfano Harrington & Richardson Topper ya Marekani, na ziko za nyundo ya ndani zinazojikoki zenyewe, mfano Baikal MP-18 ya Urusi, ambayo wengi bado wanaiita IZH-18. Vipimo vyote hapa ni vya geji 12; geji ni kipimo cha upana wa mtutu.

Kabla ya kuendelea tuelewane majina. Fataki ni kile kidude cha duara katikati ya kitako cha risasi, ndicho kinachowasha baruti. Mtambo ni mwili wa chuma ulio nyuma ya mtutu, unaobeba nyundo na kifyatulio. Pini ni chuma chembamba kinachopenya tundu dogo kwenye uso wa mtambo na kuigonga fataki. Chemba ni sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Komeo ni ulimi wa chuma unaoufunga mtutu usikunjike. Ubao wa mbele ni ule unaoushika kwa mkono wa kushoto. Marisao ni zile punje za risasi, na kizibo ni plastiki au manyoya yaliyoshindiliwa kati ya marisao na baruti.

Nusu dakika ya kwanza

Bunduki ikigoma, mtutu ubaki ulikoelekea, mahali pasipo na mtu wala mwamba wa kurudisha risasi. Kidole kitoke kwenye kifyatulio. Hesabu polepole mpaka 30. Ukihesabu mpaka 60 hujapoteza kitu. Fataki inaweza kuwaka kwa unyonge na baruti ikashika moto kwa kuchelewa. Mara nyingi kuchelewa huko ni kufumba na kufumbua, lakini ukiwa mwepesi wa kufungua utalikuta ganda linapasuka bila chuma cha kulizuia nyuma yake, na nyuma yake ni uso wako.

Usikoki na kupiga tena. Alama ya pili ikikaa juu ya ya kwanza hutajua ipi ilikuwa dhaifu.

Baada ya kusubiri, bana kitako cha bunduki chini ya kwapa, geuza uso pembeni, fungua taratibu. Toa risasi, iweke mahali pa wazi mbali na risasi nzima, si mfukoni. Kisha chungulia mtutu kutoka upande wa chemba. Ni lazima uone mwanga upande wa pili, duara kamili.

Kuna hali mbili ambazo kuchungulia huku ndiko kunakookoa mkono. Ya kwanza: ulisikia mlio mdogo, "pufu", badala ya mlio wa kawaida. Hiyo si kugoma, ni risasi iliyolia nusu, na kizibo pamoja na marisao vinaweza kuwa vimekwama katikati ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu utapasuka. Vitolewe kwa fimbo ya kusafishia ya mbao au shaba, mtutu ukiwa umetenganishwa na mtambo. Vikikataa, pelekea fundi.

Ya pili ni mbaya zaidi kwa kuwa inadanganya: umefungua, chemba inaonekana tupu. Risasi ya geji 20 ni nyembamba kuliko ya geji 12. Ukiitumbukiza kwenye chemba ya geji 12 inateleza mpaka mbele ya chemba na kukwama pale mtutu unapoanza kubana. Pini inagonga hewa. Mtu anaona chemba tupu, anadhani alisahau kujaza, anatia ya geji 12, na hiyo inaipiga ile ya kwanza mgongoni. Ndiyo sababu watengenezaji wengi hutia maganda ya geji 20 rangi ya njano. Ukiona njano na bunduki yako ni ya 12, haina kazi kwako, na geji mbili zisikae mfuko mmoja hata kwa safari moja.

Kusoma alama

Shika risasi iliyogoma chini ya mwanga wa upande, tochi au jua la asubuhi. Iweke karibu na ganda ambalo bunduki hiyohiyo ililipiga vizuri siku za nyuma. Ulinganisho si kamili, maana msukumo wa baruti hubadilisha kidogo umbo la alama, lakini unatosha kukuonyesha njia.

Alama ya katikati, yenye kina na ya duara laini ina maana bunduki imetimiza kazi yake. Lawama iende kwenye risasi.

Hakuna alama kabisa: pini haikufika. Hapa ni sefti (kile kizuizi cha usalama cha kifyatulio), kukoki, pini iliyokatika au kuganda, au kile kipande cha kati tutakachokieleza.

Alama ipo katikati lakini ni ya juujuu, kama mtu aliyebonyeza kwa ukucha: nguvu imepotea njiani, au risasi ilikaa mbali mno na pini. Kundi hili ndilo lenye sababu nyingi, nalo ndilo linalowasumbua watu zaidi, kwa sababu bunduki hulia leo na kesho ikagoma.

Alama iko pembeni, karibu na ukingo wa fataki: mtutu na mtambo haviko kwenye mstari mmoja.

Usihukumu kwa risasi moja. Andika kwenye karatasi: sanduku gani, risasi ya ngapi, alama ya namna gani. Risasi tano za sanduku jingine zikilia zote, na za sanduku la kwanza zinagoma zikiwa na alama nzuri, umemaliza uchunguzi bila kugusa bisibisi.

Ikiwa risasi ndizo mbovu

Fataki huuawa na mafuta na unyevu. Mafuta mepesi ya kupuliza, yale ya kulainisha boliti zenye kutu, yanapenya popote. Mtu akipuliza chemba na kuiacha imelowa, kisha akaacha risasi ndani usiku kucha, mafuta hutambaa mpaka kwenye fataki. Baada ya kusafisha, chemba ifutwe ikauke kabisa.

Pwani unyevu wa hewa peke yake unatosha. Kitako cha shaba kikiwa na ukungu wa kijani, au ganda la karatasi likiwa limevimba, usiijaribu risasi hiyo. Ganda lililovimba lina kosa jingine: haliingii mpaka mwisho, mtu analisukuma kwa kuufunga mtutu kwa nguvu, komeo linashika nusu. Risasi zikae kwenye chombo kinachofunga vizuri, chenye vifuko vya kunyonya unyevu, mbali na jiko na mbali na paa la bati. Kuanika risasi zilizolowa juani au karibu na moto hakufufui fataki. Kunaiharibu baruti tu. Zilizokufa zipeleke kituo cha polisi au kwa muuzaji mwenye leseni, usizitupe shimoni na usizipasue.

Pitisha pia kidole juu ya kitako cha kila risasi kabla ya kuitia. Fataki inatakiwa iwe sawasawa na chuma kinachoizunguka. Ikiwa imezama, pini itaifikia ikiwa imechoka. Ikiwa imechomoza, mtutu unaweza kuikandamiza wakati wa kufunga. Zote mbili weka kando.

Hakuna alama kabisa

Anza na mambo ya aibu: sefti imefungwa, au nyundo haikukokiwa mpaka mwisho. Kisha angalia kama mtutu umefungwa sawasawa. Mchanga, jani kavu au punje moja ya baruti isiyoungua chini ya kile chuma kinachotoa ganda inatosha kuuzuia, na kwenye bunduki nyingi komeo lisipokaa mahali pake mtambo unakataa kufikisha pigo.

Sasa kile kipande cha kati. H&R za miaka ya karibuni na bunduki nyingi za nyundo ya nje hazina nyundo inayoigusa pini moja kwa moja. Kati yake kuna kibapa cha chuma kilichoungwa kwenye kifyatulio. Ukivuta kifyatulio kibapa kinapanda, nyundo inakigonga, nacho kinapeleka pigo kwenye pini. Ukiachia kifyatulio, kinashuka, na nyundo hata ikigongwa na jiwe haiwezi kuifikia pini. Usalama mzuri huo, lakini una tabia yake: mtu anayedonoa kifyatulio na kuachia hapohapo hukishusha kibapa kabla nyundo haijafika. Bunduki inagonga, haina alama au ina alama hafifu, na ukiipeleka kwa fundi inalia kila mara kwa kuwa fundi anavuta na kushikilia. Kabla ya kufungua chochote, jaribu kuvuta kwa utulivu na kukishikilia kifyatulio nyuma mpaka mlio uishe. Ikiwa ugonjwa umeisha, bunduki haikuwa na ugonjwa.

Ikiendelea, ondoa risasi zote chumbani, si mezani tu. Vua ubao wa mbele, tenganisha mtutu, angalia uso wa mtambo. Kwenye bunduki ya nyundo ya nje, zuia nyundo kwa kidole gumba, vuta kifyatulio, ishushe taratibu huku kifyatulio kikiwa kimeshikiliwa nyuma. Ncha ya pini itokeze kwenye tundu. Isipotokea, pini imekatika au imeganda. Ikitokea, ipime kwa ile fimbo ya kina ya venia, kile kipimio cha fundi cha vipimo vidogo: kati ya milimita 1 na 1.5 ndiyo hali nzuri. Chini ya milimita 1 inaanza kugoma. Zaidi sana ya 1.5 inaweza kutoboa fataki. Ncha iwe ya mviringo kama kichwa cha yai, isiwe bapa, isiwe kali, isiwe imemeguka. Kisha achia kifyatulio: ncha irudi ndani yote.

Pini iliyokwama mbele ni hatari kuliko iliyokatika. Mtutu ukifungwa, fataki inaigonga pini badala ya pini kuigonga fataki, na bunduki inalia mikononi mwako bila kifyatulio kuguswa. Hiyo haitumiki tena mpaka imetengenezwa.

Alama ya juujuu

Mshukiwa wa kwanza ni mafuta. Mafuta ya nazi na ya kupikia yana sifa mbaya kwenye mtambo wa bunduki: yakikaa miezi michache yanakuwa gundi ya kahawia, na nyundo inatembea kama mguu kwenye tope. Grisi ya magari inashika vumbi na masizi ya baruti na kufanya udongo mweusi ndani ya tundu la pini. Oili ya injini ni nzito kupita kiasi, hasa asubuhi za baridi za Makete au Njombe. Mafuta ya cherehani yanatosha, na yanatosha kwa matone tu.

Kusafisha tundu la pini hakuhitaji kuitoa pini. Mtutu ukiwa umetenganishwa, shika mtambo uso ukiangalia juu, tia matone matatu au manne ya mafuta ya taa kwenye tundu, sukuma pini ndani na nje kwa njiti ya mbao au kwa nyundo yenyewe kama tulivyoeleza. Kisha uelekeze uso chini juu ya kitambaa cheupe kwa robo saa ili uchafu utoke mbele badala ya kurudi ndani. Rudia mpaka kitambaa kibaki safi. Bunduki iliyokaa miaka inaweza kutaka mara tano au sita. Malizia kwa kusugua uso wa mtambo, komeo na bawaba kwa mswaki wa zamani, kausha, weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini na moja kwenye bawaba. Bunduki nyingi zinazosemekana zimechoka springi hupona hapa.

Mshukiwa wa pili ni ubao wa kitako. Mbao huvimba masika. Nyundo ikiwa inakwaruza ubao upande mmoja, inapoteza nguvu kabla ya kufika. Angalia pande za nyundo: chuma kilichong'aa upande mmoja tu, au ubao wenye mfereji mdogo mpya, ndilo jibu. Bunduki inayogoma msimu wa mvua na kulia kiangazi ichunguzwe hapa kabla ya kununua springi.

Springi yenyewe huchoka kweli, hasa kwenye bunduki inayohifadhiwa ikiwa imekokiwa mwaka mzima. Dalili ni kukoki kwepesi kuliko zamani na pigo lisilo na mlio mkavu. Inabadilishwa kwa springi ya aina hiyohiyo ya bunduki. Kuivuta irefuke hakusaidii zaidi ya wiki chache, na kuweka washa (pete bapa ya chuma) nyuma yake kunaweza kufanya mizunguko ibanane kabla nyundo haijakokiwa kikamilifu, ukapata nyundo inayochomoka yenyewe.

Mshukiwa wa mwisho ni nafasi nyuma ya risasi. Ukingo wa risasi ya geji 12 una unene wa kati ya milimita 1.5 na 1.8, na umekaa kwenye ngazi iliyochongwa mwanzoni mwa chemba. Ngazi ikiwa imelika, au bawaba imechoka na mtutu unakaa mbali na uso wa mtambo, pigo la pini linaisukuma risasi mbele kwanza na ndipo linaiumiza fataki. Nusu ya nguvu imeshaondoka.

Hii unaweza kuipima mwenyewe kwa karatasi. Karatasi ya kawaida ya ofisi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1. Chukua ganda lililokwishapigwa, ambalo kitako chake ni bapa na fataki yake haikuvimba. Kata viduara vya karatasi vyenye upana wa kitako. Weka ganda chembani, weka kiduara kimoja, funga mtutu kwa upole bila kulazimisha. Ongeza kimoja kimoja mpaka uhisi unabana. Ukibana kwenye cha kwanza, cha pili au cha tatu, nafasi ni nzuri. Vikiingia vitano na bado mtutu unafunga laini, umepata kiini. Rudia kwa ganda la aina nyingine kabla ya kuamini, maana kingo za risasi zenyewe hutofautiana: risasi yenye ukingo mwembamba kwenye chemba iliyolika hugoma, na yenye ukingo mnene hulia, ndiyo maana mwenye bunduki huapa kwamba aina fulani ya risasi ni mbovu.

Alama ya pembeni

Vua ubao wa mbele, funga mtutu, shika mtambo mkono mmoja na mtutu mkono mwingine, tikisa kushoto kulia na juu chini. Ubao lazima uwe umetolewa. Ukiwepo unabana mtutu na kuficha ugonjwa. Ukisikia "tik tik" au kuona mwanga kati ya mtutu na uso wa mtambo, bawaba au komeo vimelika. Alama iliyosogea kidogo haina neno. Ikifika nusu ya njia kati ya katikati na ukingo wa fataki, kugoma kumekaribia, kwa kuwa ndani ya fataki kuna kichuma kidogo katikati ambacho dawa inabanwa dhidi yake, na pini inayogonga pembeni inabana hewa.

Bawaba iliyolika ina ubaya kuliko kugoma: mtutu unaweza kufunguka wenyewe risasi inapolia. Bunduki ya namna hiyo inasimamishwa siku hiyohiyo.

Mwisho wa kazi ya mwenye bunduki

Kusafisha, kupima kwa karatasi, kubadilisha risasi na kusoma alama ni kazi zako. Kubadilisha pini, kujaza chuma kwenye komeo, kurekebisha bawaba na kugusa meno ya kifyatulio ni za fundi, na si fundi yeyote: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ya Tanzania na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ya Kenya zinaiweka kazi ya kutengeneza silaha chini ya leseni au usajili. Unapompelekea, mpe bunduki ikiwa tupu, mtutu umetenganishwa, na risasi zilizogoma uziache nyumbani isipokuwa ameziomba. Badala yake mpe picha ya alama zilizopigwa karibu, pamoja na ile karatasi ya kumbukumbu. Vitamwokolea nusu siku.

Kuna tengenezo moja la mitaani linalohitaji kutajwa kwa jina: pini ya msumari. Msumari ni chuma laini. Ukigongwa mara ishirini au thelathini ncha yake inapanuka kama uyoga, inajaza tundu, na inakaa mbele bila kurudi. Tumeshaeleza pini iliyokwama mbele hufanya nini mtutu unapofungwa. Ukinunua bunduki ya mkono wa pili, toa mtutu na ukague ncha ya pini kabla ya kukagua ubao. Ikiwa ina alama za tupa, au rangi yake ni nyeupe ya msumari badala ya kijivu cha chuma kilichokomazwa, bei iliyotajwa haijahesabu pini mpya.

Baada ya matengenezo yoyote, jaribu kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, risasi kumi kutoka masanduku mawili tofauti, ukitia moja moja na kuangalia alama ya kila ganda linapotoka. Kumi zenye alama za katikati na kina kinachofanana, bunduki irudi kazini. Tisa nzuri na moja hafifu, irudi kwa fundi ikiwa na hilo ganda la kumi.